Mbung'o Wamevuka Mto

Kwa Halfani, Kizwite,
Sumbawanga.
Agosti, 1976

Mpendwa kaka Eustaki,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea shikamoo yangu, na za watoto, na salamu za shemeji yako aliyebaki Umoja akichunga nyumba. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakufikia huko Tanga kwenye mkonge. Huku Ufipa kipupwe cha mwaka huu kimekuwa kikali, upepo unavuma kutwa nzima na vumbi linaingia mpaka kwenye unga. Sisi wengine ni wazima. Habari za Baba zitakuja mahali pake, naomba usiruke kurasa kuzitafuta.

Barua yako niliipata. Umenigombeza kwamba ng'ombe wamekwisha, kwamba Baba anashinda amelala kama mlevi, na kwamba shangazi Dominika amefukuzwa kijijini mimi nikiwa nimekaa natazama. Aliyekupelekea maneno hayo hakukudanganya, ila amekupa nusu, na hiyo nusu imenichoma sana. Kaka, mimi sikukaa. Tangu mvua zilipokatika sijui kukaa ni nini.

Unakumbuka Kalungu ilivyokuwa kabla hatujahamishwa. Nyumba zilitapakaa mteremkoni kwenye njia ya kwenda Ilemba, ulezi huku, mahindi kule, na ng'ombe wakila nyasi mpaka ukingoni mwa maji. Kila mwaka tulichoma nyasi mapema, kipande kwa kipande, na vichaka tulivimaliza kwa kuni na fito. Ng'ambo ya mto ndiko kulikuwa pori, lenye ngiri na pongo wake, na mbung'o wake. Ukivuka kukata miti waliuma, ukirudi wanabaki kwao.

Ilipokuja Operesheni Vijiji tukapandishwa juu barabarani, kwenye kijiji kipya cha Umoja. Sisemi kila kitu ni kibaya. Watoto wanasoma karibu, na zahanati imefika usawa wa madirisha. Lakini waliopima viwanja walipima vya watu tu, ng'ombe hawakuwa na mahali. Mifugo ya kijiji kizima ikawekwa kwenye kipande kimoja cha uwanda, na kiangazi cha kwanza hakikwisha kabla pale hapajawa vumbi tupu. Baba akamwendea mwenyekiti, ndugu Flavian, akaomba awe anateremsha ng'ombe wake Kalungu. Flavian alikubali kwa mdomo, kwa sharti kwamba jioni Baba arudi kulala kijijini.

Basi akawa anakwenda asubuhi na kurudi jioni, na kila siku alirudi na habari mpya ya kunikera. Vichaka vimeingia uani kwa Dominika. Miti ya zizi letu la zamani imechipua na kuwa msitu. Ngiri wanafukua viazi tulivyoviacha. Baadaye pongo nao wakavuka, na nyuma yao mbung'o. Baba alikuwa na panga moja, kaka. Kazi iliyofanywa na ukoo mzima, kwa jembe, moto na kwato za ng'ombe, alitaka kuifanya peke yake. Nilimwambia aache. Akaniuliza ng'ombe awalishe nini.

Ng'ombe walianza kukonda wakiwa katikati ya majani. Manyoya yalisimama, macho yakatoka machozi, mitamba wakaharibu mimba. Hapo watu wakamkumbuka shangazi Dominika. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuhama, na siku walipoiezua nyumba yake alisema kwa uchungu kwamba waliomtoa kwake hawatakunywa maziwa. Mwanamke aliyebomolewa nyumba atasema nini? Lakini maneno yale yalihifadhiwa, na ng'ombe walipoanza kufa yakatolewa mkutanoni. Nilisimama nikamtetea. Nikajibiwa kwamba anayemtetea mchawi ana lake jambo. Flavian hakumfukuza, na hakumkinga pia. Alimwambia akapumzike kwa binti yake kule Matai mpaka mambo yatulie. Mpaka leo hayajatulia.

Nilikwenda mwenyewe mjini kumtafuta bwana mifugo, kijana mmoja anaitwa Hamidi. Alikuja kwa baiskeli, akatoboa masikio ya ng'ombe, akatazama damu kwenye hadubini yake, akasema ni nagana, inaletwa na mbung'o. Nikamwuliza kwa nini mbung'o hawakuvuka miaka yote ile na mto ni huo huo. Akatazama lile pori, akasema, "Mto haukumzuia, dada. Mlimzuia ninyi." Alieleza kwamba mdudu huyo anataka kivuli, na anataka mnyama wa kunyonya damu, nasi kwa kulima na kuchoma tulimnyima vyote viwili. Aliahidi kuandika kwa wakubwa zake. Aliandika kweli. Dawa haikuja, na ng'ombe wa mwisho tulimchinja kabla hajaanguka mwenyewe.

Sasa Baba. Alianza kusinzia wakati uji uko mkononi. Akakosa kwenda shamba la ujamaa, wakampa adhabu ya kuchimba mtaro, na humo mtaroni akalala ameegemea jembe, watu wakacheka. Usiku alizunguka uani bila usingizi. Yeye ambaye hakuwahi kutuchapa, alimrushia mwanangu sahani. Nilidhani ni pombe, kisha nikadhani ni majonzi ya ng'ombe, nikawa namsemesha kwa ukali. Siku moja nilimkuta ameketi kitandani anahangaika na kifungo cha shati, kifungo hakiingii. Nilisimama mlangoni nikijua kwamba hii si pombe wala majonzi.

Lori la mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, Halfani, lilikuwa limekuja Umoja kuchukua mahindi. Nilimwomba, naye akapanga upya magunia ili Baba apate pa kulala. Tangu siku hiyo niko kwao hapa Kizwite, na mkewe, Sada, ananipikia kama mdogo wake. Mungu awalipe.

Hospitali walimpima damu, halafu maji ya uti wa mgongo. Daktari akaniambia ni malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o hao hao. Akauliza mzee anashinda wapi mchana, nikamwambia. Akauliza tena kama kuna wengine wanaokwenda huko. Nikasema wanawake wote wa Umoja, maana kuni za barabarani zilikwisha zamani. Aliliandika hilo kwenye karatasi yake. Sindano wanazompa Baba zinaunguza mishipa mpaka analia kama mtoto, na kuna asubuhi ananiita kwa jina la marehemu mama. Daktari hataki kunipa ahadi yoyote, nami nimeacha kumwomba.

Nilirudi Umoja kumwambia Flavian, nikamsihi aitishe watu wateremke wote, wafyeke pori la Kalungu mpaka ukingo wa mto, kama zamani. Akasema waliohamishwa hawaruhusiwi kurudi bila kibali cha wilaya. Wilayani wanataka taarifa ya hospitali. Hospitali wanasema taarifa itapitia mkoani. Niliwaambia wanawake waache kuni za kule, wakaniuliza kwa haki kabisa wapikie nini. Nikawaambia wazee kwamba sasa ugonjwa una jina, shangazi Dominika arudishwe. Mmoja akanijibu bila hata kucheka kwamba huenda yeye ndiye anayewatuma hao mbung'o. Nilitoka pale nikaenda kukaa nyuma ya shule, nikalia kwa hasira, kaka, si kwa huzuni.

Nimekueleza yote hayo kwa urefu kwa sababu ya jambo moja. Ningelianza nalo ungelicheka, ungeliikunja barua na kuitia mfukoni.

Likizo yako ya Pasaka uliimaliza ukishinda Kalungu pamoja na Baba. Siku ya kuondoka ulinionyesha mkono, una uvimbe mwekundu kama jipu lisilo na usaha. Nilikukanda kwa maji ya chumvi, ukasema ni buibui. Na katika barua hii uliyoniandikia kwa ukali, pale chini kabisa, baada ya kunigombeza, umetaja kama jambo dogo tu kwamba homa inakuja na kuondoka, vidonge vya malaria havisaidii, na mnyapara amekukuta umelala katikati ya mkonge saa sita mchana, amekuonya.

Nilisoma mstari ule nikiwa kwenye ukumbi wa wodi. Nilikwenda moja kwa moja kwa daktari nikamsomea. Hakunificha. Alisema, "Mwandikie leo. Aende hospitali kubwa, aseme ametoka wapi, na autaje ugonjwa wa malale kwa jina, maana huko hawautazamii."

Nenda, Eustaki. Usisubiri ruhusa ya mwisho wa mwezi. Wakikupa vidonge vya malaria, vikatae kwa adabu, uwaambie baba yako mzazi amelazwa kwa ugonjwa huu. Damu ya kwanza isipoonyesha kitu, waombe waitazame tena. Wakikucheka, kaa hapo hapo kwenye benchi mpaka wachoke kucheka. Daktari anasema ugonjwa ukikamatwa ungali ndani ya damu, kabla haujapanda kichwani, dawa yake ni nyepesi na mtu anapona kabisa. Baba tulimkosesha wakati huo kwa kumdhania mlevi. Wewe bado unaandika barua ndefu, mwandiko wako umenyooka, na hasira zako ni zile zile ninazozijua. Hayo ndiyo yaliyonipa nguvu ya kukaa chini nikajibu.

Halfani na Sada wanakusalimu sana, ingawa hawakujui kwa sura. Watoto wanauliza utakuja lini, nimewaambia bado. Baba leo amekunywa uji wote, nami nimefurahi hivyo hivyo.

Usinijibu kwa barua, itachelewa. Nenda posta upige simu ya maandishi, anwani ni hii ya Halfani. Usipoteze maneno kwa salamu. Niambie tu kwamba wamekutazama, na wameona nini.

Ni mimi mdogo wako,
Adela