Jina la Baba Mkwe

Shanwe, Jumapili

Nimelitamka.

Marehemu mume wangu aliunganisha taa, feni na TV kwenye spika moja inayoamrishwa kwa sauti, akavipa vyote jina la baba yake. Ukilitaja ukasema zima, vinazima. Swichi za ukutani akazing'oa, eti za kizamani. Kwetu mke halitamki jina la baba mkwe, kwa hiyo kuwasha na kuzima ilikuwa kazi ya mume wangu. Tangu afe, vimewaka tu usiku na mchana.

Leo jioni TV ikaanza kutoa moshi. Nikalitaja lile jina kwa kelele, nikasema zima. Giza likaingia.

Mama mkwe alikuwa sebuleni. "Mwanangu hata arobaini yake haijafika, wewe umeshatuvunjia heshima?"

Naandika kwa tochi ya simu. Bado analia palepale. Nataka nimpigie magoti, nimwone uso, lakini taa haziwaki mpaka nilitaje tena.