Nyasi za Mtaa wa Lorimer

Renita Boykin,
418 Mtaa wa Quimby,
Dayton, Ohio.
11 Juni, 2019.

Mpendwa Mjomba Vernell,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa dada yako Dorthea, ambaye ameketi hapa mezani akijifanya anasoma gazeti. Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini ulimi uko vilevile ulivyouacha. Je, wewe u hali gani huko Tacoma? Mgongo umetulia? Binti yako Yvette aliniambia kwa simu kwamba mvua ya huko haina likizo, na kwamba siku hizi unajipikia mwenyewe. Hilo la kupika sitaliamini mpaka nilione.

Najua ni muda mrefu. Tangu tumzike mkaza mjomba Shirlene imepita miaka tisa, na kitu cha mwisho nilichokuandikia ni kadi ya Krismasi yenye maneno matatu. Niwie radhi. Nilikukasirikia kwa kuondoka bila kutuaga, kisha nikaizoea hasira yenyewe nikasahau kuiacha.

Mimi bado niko jikoni pale shuleni, huu mwaka wa kumi na nne. Shule zikifungwa kiangazi mshahara nao hufungwa, na mabega yangu yamechoka kunyanyua masinia ya viazi. Nimetimiza miaka arobaini na sita. Basi Novemba iliyopita nilipiga moyo konde nikaanza biashara ya mikataba ya nyumba. Usicheke kwanza.

Ni hivi. Natafuta nyumba iliyotelekezwa. Naandikiana na mwenyewe mkataba kwamba nitainunua kwa bei tuliyopatana, na kabla siku ya kulipa haijafika namwachia mkataba huo mtu mwenye fedha taslimu, fundi anayekarabati nyumba na kuziuza. Yeye analipa zaidi kidogo, na ile tofauti ni yangu. Nyumba yenyewe siishiki wala siipaki rangi. Anayetufundisha ni mzee mmoja, Duane Pickerell, ambaye amefanya kazi hii miaka ishirini. Hutukusanya kila Jumamosi asubuhi kwenye mkahawa wa pankeki, wanafunzi tisa, kila mmoja na kikombe kimoja cha kahawa kwa saa tatu. Mhudumu anatuchukia.

Duane hutufundisha kutafuta kwa nyasi. Nyasi zikipita goti, mwenye nyumba yuko mbali, au amefariki, au amechoka. Kwa hiyo kila jioni nikitoka kazini naendesha gari polepole, mtaa baada ya mtaa, naandika anwani za nyumba zenye nyasi ndefu. Baadaye natafuta jina la mwenyewe kwenye daftari za kaunti na kumwandikia barua kwa mkono. Ikiwa umewahi kupokea karatasi ya njano yenye mwandiko wa kitoto, ikisema mtu fulani na familia yake wameupenda sana mtaa wako, ndio sisi hao. Huwa hatujaupenda mtaa. Tumependa nyasi.

Nimetuma barua mia mbili na kumi. Bwana mmoja alinirudishia yangu imechanwa vipande vinne, na stempu akalipa yeye. Mama mmoja wa Kentucky alinipigia simu tukaongea saa nzima kuhusu marehemu mumewe, kisha akasema nyumba hauzi, alitaka tu mtu wa kuongea naye. Nilikata simu nikalia kidogo, halafu nikaandika barua nyingine sita.

Machi nilipata sahihi ya kwanza. Nilinunua keki, Mjomba. Wiki mbili baadaye karani wa ofisi ya hati za nyumba aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba aliyetia sahihi si mwenye nyumba, ni mpangaji. Mimi kwa haraka zangu sikuwa nimemuuliza. Duane hakuniita pembeni.

"Hebu simameni mumpigie makofi Renita," alisema mbele ya mkahawa mzima. "Mwenzenu kanunua nyumba kwa mtu ambaye hata kodi hajalipa."

"Cheka tu, mzee," nikamwambia. "Jumamosi ijayo utanikuta kwenye kiti hikihiki."

Na alinikuta. Tangu siku hiyo siandiki mkataba kabla ya kuiona hati.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Wiki tatu zilizopita barabara kubwa ilifungwa, nikalazimika kupitia Mtaa wa Lorimer, ambao nimekuwa nikiukwepa miaka yote hii. Upande wa kushoto niliona nyumba ambayo nyasi zake zimefika dirishani. Nikaandika namba kama ilivyo desturi yangu, nikainua macho, ndipo nikaona kibaraza cha kijani ulichokipaka wewe mwenyewe. Nilisimamisha gari katikati ya barabara mpaka mtu akanipigia honi.

Nilishuka nikazunguka. Sijui kama unafahamu kwamba mpangaji wako wa mwisho aliondoka zamani. Paa la nyuma linavuja, dari ya jikoni imefanya madoa, na sehemu moja imeanza kushuka. Zile karatasi za ukutani zenye ndege, alizozibandika mkaza mjomba, bado zipo. Nilizichungulia kupitia kioo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Bi Odessa wa ng'ambo ya barabara alitoka na fimbo yake.

"Wewe nani, unachungulia nyumba ya watu?"

"Ni mimi Renita, Bi Odessa. Mtoto wa Dorthea."

"Dorthea yule mwenye mdomo?"

"Huyohuyo."

"Basi mwambie mjomba wako ngazi yangu iko kwake tangu mkewe yu hai. Nimechoka kuazima ngazi kwa watu nisiowapenda."

Nitakueleza kinagaubaga kilichofuata, ingawa kinanitia haya. Nilirudi nyumbani, nikachukua karatasi ya njano, nikaandika barua ileile ninayowaandikia wengine. Familia yangu na mimi tumeupenda sana mtaa wako. Sikutia jina langu la ukoo. Mama aliikuta mezani, akaisoma mara mbili, akaniambia, "Ukimpelekea kaka yangu hiki kikaratasi chako, Jumapili usije kula hapa." Niliichana. Alikuwa amepika maharage na mkate wa mahindi, lakini sikuichana kwa sababu ya chakula.

Kanuni ya kwanza ya Duane ni kwamba mwenye nyumba asijue mnunuzi analipa kiasi gani. Mimi nakwambia. Fundi anaitwa Raúl Ocampo, mtu mwaminifu, ameiona nyumba na yuko tayari kulipa dola elfu thelathini na nane jinsi ilivyo, na paa lake bovu. Kwa taratibu za kazi yetu ningekupa wewe ishirini na nane nikachukua kumi, na wewe ungenishukuru. Ninachoomba ni hiki: wewe uchukue thelathini na nne, mimi nichukue nne. Sioni haya kuzitaka hizo nne. Nimezitolea jasho, na mkataba huu ndio utakaonionyesha kwamba kazi hii naiweza.

Ila ukimpa wakala wa nyumba, akiziba paa na kusubiri, huenda ukapata zaidi yangu. Ukiamua hivyo sitanuna. Nitanuna siku mbili hivi, kisha nitakutafutia wakala mwenyewe. Na ukisema hutaki kuiuza kabisa, maana yamo mambo humo ndani ambayo huyauzi, nalo nitalielewa. Ninachokusihi tu ni kwamba usiiache bila neno, kwa sababu msimu mmoja zaidi wa baridi utaimaliza. Ocampo ataanza nyumba nyingine mwisho wa Julai. Hilo lisikusumbue, ni tatizo langu. Nikimkosa yeye nitatafuta fundi mwingine, na nikikosa nyumba yako nitatafuta nyumba nyingine. Sirudi nyuma, Mjomba. Agosti nikirudi kwenye masinia nitakuwa naandika barua vilevile.

Sipendi kukuficha kwamba si mimi peke yangu ninayepita Lorimer. Wanafunzi wenzangu wanane wanazunguka na magari yao, na wapo wengine wengi nisiowajua. Mmoja wao angeiona nyumba yako kama nilivyoiona mimi, na angekuandikia maneno matamu, nawe pengine ungetia sahihi kwa uchovu.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, niliazima mashine ya jirani nikaenda kukata nyasi zako. Mbele, nyuma, na ukingo wote wa uzio. Ilinichukua saa nne. Ngazi ya Bi Odessa niliikuta imelala humo humo nyasini, nikaivusha barabara nikamrudishia, akanipa chai baridi na akalalamika kwamba ngazi ina kutu. Duane akisikia nilichofanya atanipigishia makofi tena. Lakini sasa wakipita hawaandiki anwani yako, maana nyumba inaonekana ina mwenyewe. Fikiri kwa nafasi yako bila kumwogopa mtu, na mimi nikiwemo. Nitaikata kila baada ya wiki mbili mpaka utakaponijibu, uwe umekubali au umekataa.

Msalimie sana binamu Yvette na mumewe Terrance, na uwabusu mapacha. Mama amekunja gazeti sasa, anasema nikuandikie kwamba kitanda cha chumba cha nyuma kina shuka safi, basi, nisiongeze neno. Mungu akulinde na mvua za huko, na akulinde zaidi na mapishi yako mwenyewe.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, na niliyechelewa kukwambia,

Renita