Jumeli ya Mwezi wa Idi

Baba,

Amani ya Mungu ikufikie huko ulikolala. Leo ni siku ya pili ya Idi, na ni Idi moja, Baba! Waislamu wote wa kambi ya Dzaleka tumesali pamoja uwanjani, hakuna aliyefunga huku jirani yake anakula pilau. Nimeshindwa kukaa na habari hii peke yangu. Mama amejilaza kidogo, wageni wamemchosha, nami nimekaa hapa mlangoni, karatasi juu ya magoti, nacheka mwenyewe. Mtu akipita atasema mtoto wa Asumani amepata wazimu.

Mwaka jana haikuwa hivi. Ulipanda kilimani kama kawaida yako, ukashuka ukisema mwezi umeandama, na Mzee Amisi akakukatalia mbele ya msikiti.

"Asumani, ile ni moshi ya ndege!"

"Amisi, ndege gani iko na pembe mbili?"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikuwaunganisha. Nusu walisali kesho yake, nusu wakafunga mpaka jioni huku harufu ya pilau ya wenzao ikiwapitia puani. Wewe na yeye, wote watu wa mji wa Kindu, meza zenu za vitenge zimegusana sokoni, mlishinda mnakunja na kukunjua nguo bila kusalimiana. Siku ya tatu ulimtuma mtoto wa jirani ampelekee chai. Akainywa, akarudisha kikombe, akasema sukari ilikuwa kidogo. Nikajua mmepatana.

Halafu baridi ikaingia, na kile kifua chako... Hilo unalijua, sitaliandika. Ila nadhani hili hulijui: Mzee Amisi ndiye aliyeingia kaburini kukupokea. Vijana walimwambia atoke, mgongo wake mbovu. Hakutoka. Alikushika kichwa mwenyewe.

Ramadhani ilipokaribia, alikuja nyumbani. Alisimama pale mlangoni akikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa, mpaka Mama akamwambia aingie.

"Mwamini," akaniambia, "mi nimechoka kubisha. Na ule muntu nilipenda kubisha naye, ameenda."

Akaeleza kwamba watu wa msikiti wamechanga ili tununue jumeli, darubini ya macho mawili, moja tu, ya kutazamia mwezi. Kila mtu atachungulia hiyohiyo, asitokee wa kusema mwenzake ana macho ya uongo. Wamemchagua yeye aende Lilongwe kuitafuta, na mimi nimsindikize, kwa sababu nazungumza Chichewa na Kiingereza, na nilisoma fizikia sekondari hapa kambini. Mama akasema, "Muende, lakini musigombane njiani." Baba, tulianza kugombana kabla hata hatujapata ruhusa ya kutoka kambini. Yeye alitaka tuondoke alfajiri, mimi nikamwambia maduka ya City Centre hayafunguliwi kwa adhana.

Duka tulilolipata liko nyuma ya mabenki. Wanauza vitu vya watu wanaokwenda mbugani: mahema, viatu, taa za kichwani, na ndani kabisa kabati la kioo lenye darubini za kila aina. Muuzaji ni dada wa rika langu, jina lake Chisomo. Mzee Amisi hakusubiri hata salamu iishe. Alinyoosha kidole kwenye bomba moja jeusi, refu, zito, lenye vifungo ubavuni.

"Ile. Ile njo ya kweli."

Chisomo akatabasamu, akamwita babu kwa Chichewa. "Ile ni ya bunduki, agogo."

Ilikuwa imetolewa kabatini kwa ajili ya mteja mwingine, mkulima mmoja mnene, ambaye viboko wanatoka mtoni na kumlia mahindi. Alikuwa na kibali cha serikali na bunduki yake, na sasa anachagua darubini ya kufunga juu yake. Alitaka ile inayokuza kuliko zote. Chisomo akamwambia, "Bwana, ukikuza hivyo utaona sikio la kiboko. Kiboko mwenyewe hutajua yuko wapi. Tena wanatoka jua likizama, na kadiri unavyokuza ndivyo giza linavyoongezeka ndani." Mi nikasogea karibu. Kuzama kwa jua! Huyu mkulima na sisi tulikuwa na shida moja.

Mzee Amisi aliomba aishike. Akaibandika jichoni kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, akasema haioni kitu, ni nyeusi tupu. Chisomo akamrudisha kichwa nyuma taratibu, upana wa kiganja. Bunduki hupiga teke, akaeleza, kwa hiyo vioo vya darubini yake vinapangwa ili jicho likae mbali, vinginevyo mwindaji atarudi nyumbani na nyusi iliyopasuka. Na kweli, kichwa kiliporudi nyuma, mzee akaona. Akaona barabara, akaona benki, akaona askari wa mlangoni anapiga miayo. Kisha akashtuka.

"Mwamini! Humu ndani muko musalaba!"

Ilikuwa mistari miwili ya kulengea, Baba. Akanigeukia kwa hasira kabisa: "Mwezi ya Idi, tuiweke kwenye musalaba?" Chisomo akauliza mzee anasema nini. Nikatafsiri. Mkulima akacheka mpaka akashika kabati, Chisomo akacheka, na mwisho mzee mwenyewe akacheka, tumbo likitikisika ndani ya kanzu. Mimi nilikuwa nawaza polisi wa barabarani. Wangeikuta darubini ya bunduki ndani ya mfuko wa mkimbizi, tungejibu nini? Kwamba tunawinda mwezi?

Tukaiacha. Ya pili ilikuwa kwenye boksi zuri lenye picha ya sayari yenye pete, na namba kubwa kubwa za kukuza. Mzee akazipenda zile namba. Chisomo hakubishana naye. Alisimamisha ile darubini, akashika na jumeli moja ya kawaida, akatuambia tusichungulie, tuziangalie kwa mbali, mkono umenyooka. Kwenye kila kioo cha nyuma kulikuwa na kiduara cha mwanga kinaelea. Cha jumeli kilikuwa kama punje ya dengu. Cha ile ya boksi kilikuwa kama tundu la sindano.

"Mwanga wote unaoingia jichoni mwako unapita hapo," akasema.

Na hapo, Baba, mambo niliyokariri shuleni bila kuyaelewa yakafunguka. Kioo cha mbele ni kama sufuria uliloliweka nje mvua ikinyesha: likiwa na mdomo mpana linakinga maji mengi. Kukuza ni kugawa mchuzi. Mchuzi ni uleule, ukiugawa kwenye sahani nyingi, kila sahani inapata maji ya moto tu. Nikamweleza mzee hivyo, kwa sufuria na mchuzi. Akachungulia ile ya boksi mwenyewe. Benki ilikuwa na giza, tena ikirukaruka kila mkono wake ulipotetemeka. Tena ilikuwa juu chini.

"Imeharibika," akasema. "Bantu banatembea na kichwa."

Mi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na Chisomo akaniletea kiti.

Unajua nilichokumbuka. Nilikuwa mdogo, mvua imekatika, jua limepiga uani, nasi tumekaa ndani mlango wazi. Ulivua miwani yako ya kusomea ili uifute, ukaisogeza karibu na ukuta, na ghafla mlango wetu ukatokea pale kwenye udongo, mdogo kama stempu, una rangi zote. Ukaniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. "Mwamini, kuya! Ona kuku banatembea kichwa chini!" Tulishinda hapo mpaka jua likahama. Ulimtuma Mama apite uani na ndoo kichwani ili tumwone akining'inia. Alipita mara mbili, ya tatu akatuuliza kama tuna akili. Nilikuuliza kwa nini wanageuka, ukasema, "Mungu njo anajua, na mwalimu yako."

Basi sasa najua, sikiliza. Mwanga wa kichwa cha kuku unatoka juu, unapita katikati ya kioo kwa mstari ulionyooka, unatua chini. Wa miguu unatoka chini, unatua juu. Inapishana pale kwenye kioo kama watu wawili mlangoni. Ni hivyo tu! Na jumeli nayo inageuza, ila imewekewa ndani vipande vya kioo vya pembetatu vinavyougeuza mwanga tena, ndiyo maana shingo yake imepinda na watu wake wamesimama kwa miguu. Ningetoa kitu kikubwa kukueleza haya ana kwa ana, nikuone unavyopiga paja.

Tulichukua jumeli ya kumi kwa hamsini. Kumi ni mara inazokuza, hamsini ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Tukachukua na miguu yake mitatu, ili tukishaielekeza isitikisike, na kila anayekuja aone palepale alipoona mwenzake. Tulipotoka, Chisomo alinishika mkono: tusiielekeze magharibi kabla jua halijazama lote, hata ukingo wake, litachoma jicho na halitatoa onyo. Mkulima alichagua ya kukuza kidogo, akatushukuru kwa Chichewa, "zikomo, na mwezi mwema." Mzee Amisi alinung'unika mpaka tunafika nyumbani. "Kumi tu? Franchement, kusema kweli, Mwamini. Kumi!"

Jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani kulikuwa na mawingu.

Kilima kilijaa watu. Nilisimama mbele ya jumeli mikono nimeitandaza, na watu wazima wakinisukuma, nikikataa mtu yeyote asiguse mpaka jua lizame lote. Lilipozama nikaanza kupitisha polepole juu ya vilima, kushoto kwenda kulia, kisha juu kidogo, kisha kurudi. Wingu. Wingu. Tawi la mti. Wingu. Nyuma yangu nilisikia wameanza kusema yale ya mwaka jana, kwamba fulani redio imemwambia, kwamba wengine watakula kesho liwe liwalo. Nikarudi kushoto, nikaanza upya. Tungeshuka bila kitu, wangegawanyika tena, na safari hii ingekuwa mbele yangu.

"Unaona?" Mzee Amisi.

"Bado."

"Unaona?"

"Mzee, niache nitazame."

Kisha wingu moja likapasuka chini, ufa mwembamba wa rangi ya chungwa bivu, na ndani yake, Baba... uzi. Uzi mweupe umelala chali, pembe zimetazama juu, mwembamba mpaka nikaogopa nikipumua utakatika. Sikupiga kelele. Nilisogea tu pembeni, nikamwonyesha mzee mahali pa kuweka macho.

Aliinama. Akakaa vile muda mrefu, mgongo wake ule mbovu umepinda.

"Asumani," akasema.

Hilo tu, jina lako. Kisha akanyanyuka akapiga takbira kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, na kilima chote kikamwitikia. Akainama tena, akanigeukia: "Lakini pembe ya kushoto njo ndefu." Nikatazama, nikamwambia ni ya kulia. "Ya kushoto!" "Ya kulia, Mzee!" Tulibishana mpaka wingu likafunga, na uso wake, Baba, ulikuwa unang'aa. Sijamwona na furaha namna ile tangu uondoke.

Wingu lilifunguka tena kidogo, foleni ikapita. Hata Mama Neema wa Bukavu, yule wa kwaya ya kanisa la jirani, alikuwa anapita na beseni lake, akaomba naye aone. Akachungulia, akasema kwa nguvu, "Aksanti Yesu!" Wazee wakatazamana. Mzee Amisi akamwambia, "Hata wewe, mama, Idi njema." Asubuhi Mama Neema alikuwa wa kwanza kuja kula kwetu.

Jana baada ya sala, imamu alisimama akasema kuanzia mwezi ujao mimi ndiye nitakayetazama, na Mzee Amisi atakuwa shahidi wangu. Mtoto wa kike. Nilimtazama Mama kule kwenye safu za wanawake, alikuwa ameuma pindo la khanga.

Nimeogopa, Baba, sikufichi. Lakini nimekubali. Nakuahidi hivi: nikiuona nitasema nimeuona, hata wakinikatalia wote. Nisipouona nitasema sikuuona, hata kama nyumba nzima imeshapika.

Mungu akutandikie mahali pa baridi njema. Mama ameamka, anauliza naandika kwa nani. Nimemwambia. Amesema nikusalimie, na nikwambie pilau ilikuwa na nyama.

Ni mimi, binti yako,
Mwamini