Sauti za Watoto Kwenye Mkanda

Jumatatu, 14 Januari 2002
Nimesafisha manyetofoni, mashine zetu za kurekodi, kwa pamba na alkoli, kama kila asubuhi. Vijana wa redio nyingine wanatucheka. Wao wana kompyuta, sisi bado tunazungusha mikanda. Wacheke. Mtambo wetu wa kurushia ni wa lampu: unauwasha, unangoja zipate moto, chumba kinanukia vumbi lililoungua, ndipo unasema. Napenda kule kungoja. Kompyuta haina harufu.

Jumanne, 15 Januari
Waasi wanaotawala mji wameleta tangazo nilisome: wazazi watoe vijana wao waende vitani. Nimekataa. Mchana askari wao wa kambi ya Katindo wamefunga studio, wakabandika karatasi ya muhuri mlangoni. Papa Kambale, fundi wetu, amelia. Mimi nina hasira tu.

Alhamisi, 17 Januari
Mlima umepasuka. Moto umeingia mjini. Nyumba yangu haipo tena. Nimetoka na nguo za mwilini na manyetofoni ndogo ya begani, ile ya kazi za nje. Dada yangu amenigombeza njia nzima hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. "Ungebeba godoro!"

Jumamosi, 19 Januari
Gisenyi. Watoto waliopotezana na wazazi wamejaa uwanja wa kanisa. Nimezunguka na mashine. Kila mmoja amesema jina lake, la mama yake, na mtaa wao. Mmoja anajua tu kwamba mama yake anaitwa Mama. Nimemrekodi hata yeye.
Jioni nikamwambia Papa Kambale, "Mtaa wa Himbi haukuungua. Twende tukafungue studio."
"Na muhuri?"
"Nitauchana mimi."

Jumapili, 20 Januari
Tumevuka juu ya mawe ya mlima, bado ya moto. Soli zimeyeyuka. Nimeuchana muhuri. Papa Kambale amevunja kufuli, akawasha jenereta. Lampu zikawaka polepole, rangi ya chungwa. Nilisahau njaa.
Tukarusha sauti za watoto. Tukarudia. Mara ya tatu askari mmoja akaingia na bunduki.
"Zima, mama."
"Mkanda ukiisha."
Sikuzima. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akakata waya zote.

Jumatatu, 21 Januari
Wamepakia kila kitu kwenye kamyo, kwenda Katindo. Manyetofoni, mtambo, hata ile ndogo ya begani. Papa Kambale amepigwa kofi. Mimi wamenitishia gereza. Nimewaambia wazi: ningerudia kesho. Mashine zile hawatajua hata kuziwasha. Zinaniuma kama msiba.

Ijumaa, 25 Januari
Nimeenda ziwani kuchota maji. Foleni ndefu. Nilipouliza wa mwisho ni nani, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akageuka.
"Njo wewe ulikuwa unasema ku redio ile siku ya mungu?"
"Njo mimi, Jumapili."
"Nilimusikia huyu ku redio," akasema, akimgusa mtoto. Alichukua bidoni yangu, akaingia majini hadi magoti, akaijaza. Mtoto alikuwa amelala.