Fahali Aliyeitwa Jeti

Kambini,
6 Agosti 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, mwambie ile sweta aliyonifuma naivaa kila siku, huku asubuhi kuna baridi ya kuuma. Mimi mzima. Nakula vizuri, nalala saa chache lakini nalala. Ninyi hapo Nyegina hamjambo? Mguu wako vipi? Ng'ombe je?

Simu zetu wamezikusanya mpaka kozi iishe, kwa hiyo tutaandikiana. Barua zako mpe dada Boke dukani kwake Iringo mjini, ataziposti. Zigundishe vizuri, unamjua dada na vitu vya watu.

Siku naondoka uliniuliza kwa nini naacha kurusha watalii, kelele za stendi zikatushinda. Siachi, baba. Huku nasomea rubani wa akiba. Nikimaliza narudi Bunda, naendelea na kindege cha kampuni kule Serengeti, ila kila mwaka jeshi lina wiki zake kwangu, na likiniita siku yoyote naenda. Tuko tisa, wanawake wawili.

Mwisho wa kozi kila mmoja anachagua aina ya ndege atakayorusha: ya kivita, ya mizigo, au helikopta. Aliyeshika namba moja anachagua wa kwanza, na nafasi ya ndege ya kivita ni moja tu. Ukishasaini umesaini, miaka sita hubadilishi. Niombee nifike mahali pa kuchagua.

Mwanao na mama yako,
Nyangi


Nyegina,
2 Septemba 2023

Mama,

Marahaba. Sisi wazima. Mguu unauma nikikaa, nikitembea hauumi, kwa hiyo natembea. Mama yako kafurahi sana na habari ya sweta, kesho anaanza kufuma nyingine, utajuta.

Sasa sikiliza. Nilikupa jina la mama yangu mzazi, na mama haamrishwi. Kwa hiyo siamrishi, nasema tu. Chagua ya kivita. Habari ya mizigo sitaki kuisikia, mizigo hata lori linabeba. Huyu jirani yangu Mugeta, tuliyechunga naye tangu utoto, kila Jumapili baada ya misa anasemaga eti binti ya Magesa ni rubani wa benchi, anasubiri wenzake waumie ndiyo aingie. Watu wanacheka. Mimi nilikuwaga nacheka naye, sasa nimechoka.

Nimemjibu kwa vitendo. Yule fahali mweusi mwenye baka jeupe mkiani nimempa jina, mbele ya watu wote, kama inavyotakiwa. Anaitwa Jeti. Unajua mwenyewe kwetu jina la fahali likishatamkwa halirudishwi. Akipita, watoto wanakimbia nyuma yake wametanua mikono. Siku utakayopita juu ya Nyegina na jeti lako, huyo ndiye tutakayemla.

Na usinikumbushe habari za yule ng'ombe wako Kilema. Ile ilikuwa bahati.

Baba yako,
Magesa


Kambini,
30 Januari 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na mama hajambo. Sweta ya pili imefika, mikono yake inanivuka vidole lakini ina joto.

Nimekuwa wa kwanza, baba. Wa kwanza kati ya tisa. Kapteni Mwandu, mwalimu wetu, mtu asiyesifu hata chai ikiwa na sukari, amenipa mkono mbele ya wenzangu. Nililia chooni kama dakika mbili, nikanawa uso, nikarudi.

Sasa kaa chini ndipo uendelee kusoma. Ijumaa nasaini, na jibu lako halitawahi. Nasaini helikopta.

Jeti nimeipanda mara mbili, na mwalimu. Sitakudanganya, sijawahi kugusa kitu kizuri kama kile. Lakini jeti inataka mtu wa kuiamkia kila siku, na mimi nitakuja wiki chache kwa mwaka. Nitakuwa mgeni wake mpaka nazeeka. Halafu inataka lami ndefu. Hapo kwetu ingetua wapi? Ingepita juu yenu, mkaziba masikio, ikaenda zake.

Helikopta ni kazi ya mikono yote na miguu yote. Siku ya kwanza kuinyanyua iliyumba huku na huku kama ndama aliyefungwa kamba mara ya kwanza, na nikajikuta nacheka. Siku ya kumi ikatulia. Kapteni Mwandu aliniuliza ningechagua nini kama mtu yeyote asingejua nimechagua nini. Nilimjibu hapo hapo.

Umesema nisikukumbushe Kilema, lakini nakukumbusha. Nilipofaulu darasa la saba ulinipeleka zizini asubuhi, kama babu alivyokufanyia wewe, ukasema nishike mtamba mmoja, nitakayemshika ni wangu. Niliwapita wale wanene wote nikamshika Kilema na mguu wake mbovu, naye akanipiga pembe shingoni, kovu unalijua. Ulicheka mpaka ukaegemea zizi. Kilema akazaa mara tisa, na wanawe ndio walionisomesha urubani. Haikuwa bahati, baba. Nilikuwa nimemwangalia mwaka mzima. Wenzake walikuwa wanakimbilia majani mabichi, yeye alikuwa anakula popote alipo mpaka anashiba.

Kuhusu fahali, naomba radhi kwako, na kwake pia. Usinikasirikie sana.

Mwanao na mama yako,
Nyangi


Bunda,
8 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu nisaini, na sijapata jibu hata moja. Simu nimerudishiwa, lakini nikipiga unampa mama.

Tarehe kumi na tano Machi nilivalishwa mabawa. Mama alikuja, Boke alikuja. Kiti cha katikati yao niliwaomba kiachwe wazi, na kilibaki wazi mpaka watu wanaondoka, Boke kaweka koti lake. Picha zote nimetoka natazama kile kiti.

Pasaka nilikuja Nyegina. Nikaambiwa umeamka asubuhi hiyo hiyo ukaenda kuangalia ng'ombe. Mama alinipikia samaki furu, tukala wawili.

Nimeumia, baba. Nasema wazi ili usije ukasema hukujua. Helikopta sitaijutia, lakini sikutaka niipate kwa kukukosa wewe.

Mwanao,
Nyangi


Nyegina,
20 Mei 2024

Nyangi,

Marahaba. Barua zimefika. Sisi wazima, mvua imetosha.

Watoto hapa walianza kuniuliza Jeti ataruka lini. Wakubwa nao wanauliza, ila wao wanapitia mbali. Nimempeleka bondeni, Mto Mara, upande wa Butiama, kwa shemeji yake Mugeta, anitunzie. Huko hawajui jina lake. Nitakuwa naenda kumwangalia.

Magesa


Bunda,
27 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia ingawa ni karibu mwaka mzima tangu ile barua yako ya mistari michache. Hili siwezi kulikalia peke yangu. Mguu wako unaendeleaje? Mama nikimpigia siku hizi ana haraka, anasema yuko jikoni, anakata. Kama kuna mgonjwa mniambie.

Jumanne iliyopita jeshi liliniita. Utakuwa umesikia jinsi Mto Mara ulivyofurika. Bondeni kule watu waliokuwa na mifugo walikimbilia kijilima, maji yakawazunguka, na mitumbwi haikuweza kupita kwa jinsi maji yalivyokuwa yanavuta. Tukapelekwa sisi. Mimi nimeshika usukani, Kapteni Mwandu pembeni yangu, na sajenti wa winchi nyuma.

Pa kutua hapakuwepo. Ikabidi tusimame hewani, sajenti anateremsha kamba ya chuma yenye mkanda, anawavuta mmoja mmoja. Na kazi yangu hapo ni moja tu, baba: nisisogee. Upepo unakusukuma, maji yanakimbia chini yako mpaka unadhani wewe ndiye unayekimbia, na nyuma hugeuki hata ukisikia mtu analia. Unachagua kitu kimoja cha kutazama. Mimi nilitazama mgunga mmoja uliokuwa umebaki kichwa tu, nikautazama dakika arobaini. Watu kumi na mmoja, safari mbili. Tuliwashusha uwanja wa shule, bila kuzima injini. Sikuona sura ya hata mmoja.

Sajenti aliniambia baadaye kuna mzee alimpa kazi. Alikataa katakata kuachia kamba ya fahali wake, akaning'inia nayo, mpaka mwenzake akaikata kwa panga. Tulicheka sana, baada ya yote kwisha.

Tuliporudi Kapteni Mwandu akasema, "Luteni, ile fomu ulisaini vizuri." Nimetamani maneno hayo uyasikie. Ningependa ungekuwepo.

Mwanao na mama yako, hata kama hutaki,
Nyangi


Nyegina,
9 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo.

Leo naanza mimi, usinicheke. Ungekuwa mama yangu aliye kaburini ningekuamkia hivi hivi, na nimeona nisingoje mpaka nikamkute huko.

Sisi wazima. Hakuna mgonjwa. Mama yako anakata simu kwa sababu nimemkataza asiseme, na Boke nimemwambia akitoboa siri simjui. Nilitaka ulisikie kwangu, na imenichukua siku nyingi kulipata neno la kuanzia.

Yule mzee wa kamba ni mimi. Aliyeikata ni Mugeta.

Tulikuwa tumeenda wote kumwangalia Jeti, mto ukatukuta. Siku mbili juu ya kile kijilima, tunakula mahindi mabichi. Niliposikia mlio nikajua ni watu wa serikali wamekuja kutupiga picha. Halafu ile helikopta ikasimama juu yetu. Mama, nimechunga miaka hamsini, nimeona tai akisimama hewani, hasimami vile. Haikusogea. Mugeta alivuliwa kofia na upepo, hakuiokota, alikuwa ameachama tu.

Waliponivuta na kunikalisha, nikatazama mbele. Rubani amevaa kofia ile kubwa, na chini ya kofia, shingoni, kuna kovu la pembe ya Kilema. Mugeta naye alipovutwa akaliona, akafumbua mdomo akuite, nikamziba kwa mkono wangu. Nikamwambia mwache, yuko kazini.

Nilikaa nyuma yako njia nzima. Hukugeuka, na mimi nilikuwa naomba usigeuke. Ulipotushusha nikasimama uwanjani na lile blanketi lao, nikakuona unarudi kuwafuata wenzetu, nikalia mbele ya walimu na wanafunzi wa watu. Sijui kama ningelia hivyo kwa jeti.

Nilikuwa mkaidi. Kile kiti pembeni ya mama yako kilikuwa changu na nilikiacha kwa ajili ya maneno ya kanisani. Nisamehe.

Habari nyingine. Mugeta Jumapili alisimama baada ya misa akawaambia watu mwenyewe, bila kuombwa, akatanua mikono kuonyesha ulivyosimama, nusura aangushe benchi. Jeti hakufa. Aliogelea, ameonekana ng'ambo katika zizi la mtu, amenenepa. Huyo hatumli tena, na watoto wamwite watakavyo.

Kuna mtamba wa ukoo wa Kilema amezaliwa wiki iliyopita. Watu wameniuliza jina lake, nimewaambia sijui, mwenye kumpa jina yuko Bunda. Safari hii nasubiri.

Njoo Jumamosi. Nitakuwepo nyumbani.

Abiria wako,
Baba