Chumba Kimoja na Mama Mkwe, Kule Barbados

Shangazi Mumbi,

Pokea salamu kutoka Croydon. Naandika nikiwa na hofu ambayo siwezi kumwambia mtu yeyote hapa, na tafadhali usichapishe jina langu, kwa sababu mama mkwe wangu husoma ukurasa wako kabla hajavua koti, gazeti likishaletwa tu pale kanisani.

Mimi ni Mkenya, Mluhya wa Bungoma, kazi yangu ni unesi, na mke wangu Natasha ni Mluhya pia lakini ni wa hapa, yaani aliletwa London akiwa mtoto mdogo, Kiswahili anakielewa chote ila anakujibu kwa Kiingereza. Ni mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilitoka, Shangazi, na ya pili ilitoka wakati tayari tulikuwa tumenunua kitanda cha mtoto, kwa hivyo hii ya tatu tunaibeba sote wawili kama yai, hata kucheka ndani ya nyumba tunacheka polepole. Sasa mkunga amesema mambo yako sawa na anaweza kusafiri kabla tumbo halijawa kubwa, basi Natasha akakaa mbele ya televisheni akipekua kwa rimoti zile kurasa za maandishi zinazotangaza safari za bei nafuu, akapata Barbados, hoteli ya ufukweni ambayo unalipia kila kitu mara moja, ukifika unavishwa bangili ya plastiki mkononi na tangu hapo unakula, unakunywa, unaogelea, hakuna anayekuuliza kitu, nami nikafurahi sana mpaka aliposema mamake anakuja na sisi. Na si kuja tu. Chumba ni kimoja.

Chumba cha familia, ndivyo wanavyokiita. Alinionyesha kijitabu chao cha picha, kitanda kikubwa cha sisi wawili, halafu pazia, halafu sofa ya kukunjua ambayo ndiyo kitanda cha mama, na pembeni bafu, na bafu lenyewe ukuta wake ni kioo. Kioo, Shangazi! Nikauliza kama kuna pazia, akaniambia nisiwe mshamba, kioo hicho kimetiwa ukungu kuanzia kiunoni kwenda chini. Nilitoka nje nikaenda kusimama kituo cha tramu na sina safari yoyote.

Huenda wewe ni wa kwingine na haya huyajui. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, na akimwona bila nguo, hata kwa bahati mbaya, hiyo si aibu peke yake, inaingia kwa watoto. Mjomba wangu Anselm alirudi nyumbani bila kutarajiwa akamkuta mama mkwe wake, ambaye alikuwa amekuja kumsaidia bintiye aliyekaribia kujifungua, anaoga nyuma ya nyumba, akakimbia amejifunika uso kwa shati, na mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hakufikisha mwaka. Mtoto huyo nilimbeba mimi mwenyewe. Nimesoma, Shangazi, nikiwa wodini naweza kukueleza vizuri kabisa kwa nini mtoto mchanga hufa, lakini nikifika nyumbani nikamwona Natasha ameshika tumbo lake, masomo yote yananitoka, namwona Anselm na shati lake usoni.

Hapa London nimekuwa nikijilinda. Tulifunga ndoa kanisani huku huku, bila wazee, kwa hivyo hakuna mzee aliyetukalisha mimi na mama mkwe akatufungulia miiko hii. Tukienda Tottenham kwa mama siku ya Jumapili mimi hukaa sebuleni na yeye hubaki jikoni, tunasalimiana mlango ukiwa katikati, chakula ananiletea Natasha, na mama hali mpaka nimalize mimi. Nadhani hanipendi. Ni mwanamke wa kisasa, amekuwa nchi hii miaka na miaka, ni msimamizi wa zamu katika nyumba ya wazee na yeye ndiye anayewagawia dawa, mila za kwetu sidhani anazikumbuka. Natasha alimnunulia nguo ya kuogelea, rangi ya njano, naye akacheka akasema asante. Ya njano, jameni!

Tena hata kusahau ameanza. Pasipoti yake ilipotea, tukapindua nyumba nzima, mwishowe Natasha akaikuta ndani ya kopo la unga wa ugali, chini kabisa. Mara goti likaanza kumuuma. Mara akaanza kuulizia habari za vimbunga. Namhurumia, naona uzee unamwingia.

Mimi nimejaribu kila njia ya kutoka. Nimesema zamu zangu hazibadiliki, nimesema naogopa ndege, nimesema mbu. Juzi tukiwa mezani Natasha aliweka kijiko chini akaniambia kwa Kiswahili, na yeye ukimsikia anatoa Kiswahili ujue amefika mwisho, "Kama humpendi mamangu, sema. Usinizungushe." Akasema nisipokwenda watakwenda wawili, na wakirudi atashukia Tottenham, si Croydon. Sasa nikienda namhofia mtoto, nisipokwenda nampoteza mama wa mtoto, na nikimweleza ukweli nitamtia hofu hiyo yeye ambaye kila akiamka hupapasa shuka kwanza kuangalia kama kuna damu. Ndege ni mwisho wa mwezi. Nifanye nini?

Mkwe mwenye hofu,
Croydon

SHANGAZI MUMBI ANAJIBU

Mkwe wa Croydon, pole. Pole kwanza kwa mimba zile mbili, maana barua yako yote inawahusu watoto hao, Barbados imeingia tu. Halafu nikugombeze kidogo. Mwanamume mzima, nesi, unasingizia mbu?

Kuhusu mila sikucheki. Mimi ni wa Nyeri na nina za kwetu ambazo huwezi kunisikia nikizitamka gazetini. Lakini hebu tufikiri. Mimba zile zilipotoka, ulikuwa umemwona mama mkwe wako akioga? Hata mkono ulikuwa hujawahi kumpa. Ulishika kila kitu ulichofundishwa, hukukosea popote, na watoto bado wakaenda. Kwa hivyo si macho yako yaliyowaua, na huyu wa sasa hutamwokoa kwa kufumba macho. Najua maneno haya ni makali. Yarudie polepole. Na mtoto wa Anselm, muulize yule nesi aliye ndani yako alikufa kwa nini. Nadhani unajua tangu zamani, ila hujawahi kukubali kujijibu.

Sasa twende kwa mama, na hapa ndipo uliponichosha. Unasema amesahau mila. Mwanamke anayebaki jikoni mpaka mkwe amalize kula, anayekusalimia kutoka nyuma ya mlango, amesahau nini? Hiyo ndiyo heshima yenyewe, anakupa kila Jumapili, nawe unakaa sebuleni unadhani umenuniwa! Na mtu anayegawa dawa za wazee nyumba nzima bila kuchanganya kidonge, pasipoti itamwingiaje ndani ya unga? Aliizika, baba. Goti ni yeye, vimbunga ni yeye, anatafuta pa kutokea sawasawa na wewe na mbu wako. Picha ya bafu ameiona. Ile nguo ya njano aliichekea kwa sababu binti yake alikuwa mbele yake, mjamzito, amefurahi. Ulitaka afanye nini, amlize?

Na Natasha umemsoma vibaya vilevile. Unafikiri anataka chumba kimoja kwa sababu ni bei nafuu. Mwanamke aliyepoteza mimba mbili anataka mamake alale karibu, ili siku akipapasa shuka na kukuta kitu kuwe na mtu wa kumwita. Mila hizi hazijui kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Anachoona yeye ni mume na mama wanaokwepana, na mwenye macho akiona hivyo anasema ni chuki. Ninyi wawili mmenyamaza ili msimtishe. Mmemtisha vizuri sana.

Basi leo jioni zima televisheni, umwambie. Usianzie kwa Anselm wala kwa laana. Anzia kwenye mlango wa jikoni, umweleze kwamba kwenu mkwe humheshimu mama kwa kukaa mbali naye, na kwamba mamake amekuwa akifanya hivyo hivyo. Kisha umwambie unaogopa, kwa neno hilo hilo. Usijali kumtia hofu, hofu anayo tayari, anachokosa ni mtu wa kuogopa naye.

Ukimaliza, mpigie wakala wa safari. Chumba cha familia hamkitaki. Mnataka viwili, Natasha na mamake kimoja, wewe chako, na kama havipo badilisheni hoteli au tarehe, Barbados haihami. Mama abebe dera lake, akitaka kuingia majini aingie nalo, wewe tafuta kiti chako upande wa pili wa ufuo na usome gazeti. Bangili zitawalisha wote hata mkikaa mbali. Na kuhusu kupanda ndege na tumbo, anayeamua ni mkunga, si mimi wala mama wala wewe.

Kuna jambo lingine sijalimaliza. Umeniomba nisiandike jina lako, halafu ukanijazia barua jina la mkeo, pasipoti, unga, nguo ya njano na Tottenham, huku unajua nani hufungua ukurasa huu kabla hajavua koti. Sidhani ulipitiwa. Kwenu mkwe akiwa na neno zito hamwendei mama mkwe uso kwa uso, humtuma mtu. Umenituma mimi. Haya, nimekubali kutumwa.

Mama wa Tottenham, hodi. Nimeletwa na mkwe wako. Bafu lile la kioo naye limemnyima raha, na miaka yote hii amekuheshimu akidhani humpendi. Vua koti, Mama, ukae. Kisha mpigie binti yako simu, umwambie pasipoti uliificha wewe, na umwambie kwa nini. Anaogopa, na anaogopa peke yake.