Kibendera cha Darto

Mwanangu Ningsih,

Huku Ponorogo hatujambo. Mbuzi wako amezaa pacha, na mvua zimeanza mapema. Mumeo Darto atakuambia kwenye simu kwamba aliteleza kisimani. Usimbishie, ila usome kwanza haya.

Jumapili tulicheza fainali na kijiji cha jirani, na Darto alikuwa mshika kibendera. Unawajua mabeki wangu: nikiinua mkono, wote wanne hupanda pamoja, na mshambuliaji aliyebaki nyuma yao huwa ameotea. Lakini mganga wa kuzuia mvua alikuwa amechomeka uwanjani, karibu na mlingoti wa goli letu, kijiti kilichotungwa pilipili ili mvua isinyeshe. Paimin, beki wa kushoto, aliogopa kukiruka. Akakizunguka, akachelewa hatua moja, na kwa hatua hiyo mshambuliaji hakuwa ameotea. Darto hakuinua kibendera. Likawa bao.

Watu wetu wakamzingira.

"Wewe mkwe wa kocha au mkwe wa wale?"

"Macho umempelekea mkeo Taiwan?"

Darto akanitazama. "Baba, waambie. Wewe umeona."

Nilikuwa nimeona. Nikanyamaza, nikiliwaza kombe. Nilipofungua kinywa kusema bao ni halali, jiwe lilikuwa limeshampiga mdomoni. Meno mawili yameng'oka.

Hajamwambia mtu kwamba nilinyamaza. Jana aliniletea kahawa kama kawaida, akaniuliza mbuzi wanaendeleaje. Hadithi ya kisima ameitunga ili wewe usinichukie.

Ni mimi baba yako, ninayengoja jibu lako, liwe lolote,
Sukardi